Mvua imeng'oa bati la nyumba ya kupanga Dar: kodi inaendelea kuhesabiwa au inasimama?

Mpangaji wa Yombo

Wakuu, habari zenu. Wenye nyumba mliomo humu nawaamkia, shikamooni, maana nahitaji na sauti zenu.

Jambo ni la dada yangu. Amepanga chumba na sebule Yombo Vituka, kodi 150,000 kwa mwezi, kalipa miezi sita mbele kama ilivyo desturi ya jiji hili. Mkataba ulianza tarehe 1 Februari. Tarehe 9 Aprili usiku, mvua na upepo vikang'oa bati upande wa chumbani, dari la jipsamu likashuka lote, maji yakalowesha godoro na kabati. Sebuleni pamebaki salama, na huko ndiko analala na wanawe wawili hadi leo.

Baba mwenye nyumba alikuja asubuhi yake, akatazama, akasema mvua ni ya Mungu na hakuna wa kulaumiwa. Bati atarudishia hali ikiruhusu. Kodi iko palepale kwa sababu ilishalipwa. Juzi akaongeza kwamba dada kama ana haraka aezeke kwa pesa yake, kwani anayelala humo ni yeye.

Dada ameshaanza kukubali kwamba ndivyo mambo yalivyo. Mimi sikubali. Mtu hawezi kulipia chumba ambacho nyota zinaonekana kutokea kitandani. Ila sitaki kumpeleka kwenye ugomvi bila kujua tumesimama wapi. Naomba wanaojua wanisaidie: kodi ya chumba hicho inaendelea kuhesabiwa? Akiezeka mwenyewe pesa yake inarudi vipi? Na godoro na kabati ni hasara ya nani? Mkataba upo, karatasi moja ya dalali yenye sahihi zote mbili, lakini haisemi lolote kuhusu uharibifu.

Msaidizi wa Sheria Mbagala

Mkuu, pole kwa dada. Mimi ni msaidizi wa kisheria na kesi za namna hii ndizo nyingi kila masika, kwa hiyo nitaandika kwa urefu kidogo.

Wapangaji wengi, na wenye nyumba wengi pia, wanadhani mkataba ukinyamaza basi hakuna sheria. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, ina sehemu nzima ya upangaji, na kifungu cha 88 kinaweka ahadi za mwenye nyumba ambazo zinahesabiwa kuwamo ndani ya kila mkataba hata kama hazikuandikwa. Ahadi moja ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kitaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Nyingine inahusu nyumba yenye wapangaji kadhaa, kama zilivyo nyingi za kwetu: paa, kuta za nje, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu wanazotumia wote ni jukumu la mwenye nyumba kuvitunza. Paa la Yombo haliwezi kuwa la dada yako.

Sasa swali la kodi. Kifungu hichohicho kinasema nyumba au sehemu yake ikiharibiwa na moto, mafuriko, mlipuko, dhoruba, radi, tetemeko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji au watu wake, kiasi kwamba haifai kukaliwa yote au sehemu, basi kodi yote au sehemu yake, kulingana na ukubwa wa uharibifu, inasimama. Haidaiwi mpaka pakarabatiwe pakafaa tena. Ikipita miezi sita hapajatengenezwa, mpangaji ana hiari ya kuumaliza mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo hoja ya "mvua ni ya Mungu" hata tukiikubali haimpi mwenye nyumba kodi kamili. Inamwondolea lawama ya kusababisha, basi. Dhoruba imetajwa kwenye sheria kama sababu ya kodi kusimama.

Kijana wa Dalali

Mimi nipo kwenye udalali Sinza na Kijitonyama. Yote uliyosema sijawahi kuona mtu akiyatumia. Kodi ikishalipwa miezi sita, imeshaliwa. Utamwambia mwenye nyumba kodi imesimama, atakwambia na wewe simama nje. Mpangaji akileta maneno ya vifungu, siku mkataba unaisha haongezewi, na mtaa mzima unaambiwa huyo ni mkorofi. Nasema ninayoyaona.

Msaidizi wa Sheria Mbagala

Ndugu, unachosema kipo na sikupuuzi. Pesa ikiwa imeshatoka mfukoni mwa mpangaji, neno "kusimama" linageuka kuwa deni analomdai mwenye nyumba, na kudai ni kazi kuliko kuzuia kulipa. Ndiyo maana mimi siwashauri watu waanze kwa kuomba warudishiwe pesa taslimu. Nawashauri waombe siku.

Tuchukue hesabu ya dada. Vyumba viwili, kimoja hakifai. Tuseme wamekubaliana nusu: 75,000 kwa mwezi inasimama kuanzia 9 Aprili. Fundi akimaliza 9 Juni, ni miezi miwili, 150,000, yaani kodi ya mwezi mzima. Mkataba uliokuwa uishe 31 Julai unasogea mpaka 31 Agosti. Mwenye nyumba hakutoa hata senti mfukoni, na mpangaji hakupoteza. Makubaliano hayo yanaandikwa nyuma ya mkataba uleule, wanasaini wote na shahidi mmoja, ikiwezekana mjumbe. Nimeshaona wenye nyumba wagumu wakikubali hili kwa sababu haligusi pesa ambayo wameshaitumia.

Na nusu si lazima iwe nusu. Sheria inazungumzia kiwango cha haki kulingana na hali ya uharibifu, haipimi kwa kamba. Chumba cha kulala ndicho kilichokwenda, mama na watoto wanalala sebuleni, mtu anaweza kudai zaidi ya nusu na akasikilizwa.

Kuhusu kusimamishwa nje: mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadili kitasa, kung'oa mlango, kukata umeme au kutoa vyombo kwa sababu wamegombana. Mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kubughudhiwa mpaka mkataba uishe au utenguliwe kwa utaratibu. Akifanyiwa hivyo aende kwa mtendaji wa mtaa siku hiyohiyo, na kama vyombo vimeharibiwa au kuna vitisho, polisi.

Mama Mwenye Nyumba Tabata

Marahaba mwanangu wa Yombo. Nimesoma yote. Naomba na mimi nisikilizwe, kwa sababu mkisema "mwenye nyumba" mnamwona mtu mwenye gari na maghorofa. Mimi ni mjane. Nyumba ya Tabata Kimanga ina vyumba sita, marehemu aliijenga kidogokidogo, na kodi yake ndiyo dawa yangu ya presha na ada ya wajukuu. Kodi ya miezi sita nikipokea Januari, Februari haipo. Bati likiruka Aprili, nitalitoa wapi? Sijifichi kwenye shida yangu, nasema ilivyo.

Halafu kuna upande ambao hamuutaji. Nilikuwa na mpangaji ambaye chemba ilikuwa inaziba kila mara. Fundi akafungua akakuta pampasi na vitambaa. Maji machafu yakarudi ndani vyumba vitatu, kuta zikavimba. Yeye wa kwanza kuniambia kodi ipungue. Mwingine alipigilia misumari ya televisheni kwenye ukuta mpaka tofali likatoka, akahama usiku. Hayo nayo yana kifungu?

Msaidizi wa Sheria Mbagala

Shikamoo mama. Yana kifungu, na ni haki uyajue vizuri kama wapangaji wanavyopaswa kujua ya kwao. Kifungu cha 89 kinaweka ahadi za mpangaji: kulipa kodi kwa wakati, kuitunza nyumba, kuirudisha katika hali aliyoikuta isipokuwa uchakavu wa kawaida na yale majanga ambayo hakuyasababisha. Rangi kupauka, bawaba kuchoka, sakafu kukwaruzika kidogo, huo ni uchakavu. Tofali kutolewa kwa misumari ni uharibifu na ni deni lake. Pampasi kwenye chemba ni uzembe wa watu wake, kwa hiyo ile nafuu ya kodi kusimama haimhusu yeye. Inawahusu wale majirani wawili waliofuriwa bila kosa, na gharama yao unaweza kumdai huyo aliyeziba, ukiwa na ushahidi.

Pia una haki ya kuingia kukagua nyumba yako kwa wakati unaofaa, ukitoa taarifa. Mama zangu wengi hawaitumii haki hii mpaka mpangaji anapohama. Ungepita kila baada ya miezi michache, ukaandika unachokiona, lile la misumari lingeonekana mapema.

Fundi Kenchi

Wakuu, mimi ni fundi wa paa, kazi zangu Kigamboni, Buza, Yombo, Gongo la Mboto huko. Naona mnazungumza sheria na jambo la kwanza kwangu ni kujua bati limeruka kwa nini. Mvua moja inapiga nyumba ishirini, zinazoezuliwa ni mbili. Hizo mbili zina sababu.

Mwambie dada apande mtu anayejua, apige picha tatu. Ya kwanza ni matundu ya misumari kwenye bati lililoanguka. Tundu likiwa limepanuka na kingo zake zina kutu nyekundu ya zamani, msumari ulishaacha kushika kabla ya hiyo mvua. Bati la geji 32 ni jembamba, upepo wa baharini na chumvi yake unalimaliza haraka, ukisogea karibu na pwani ndiyo zaidi. Picha ya pili ni mbao za kenchi. Ukibonyeza na bisibisi ikazama, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na kuoza si kazi ya usiku mmoja. Ya tatu ni dari: jipsamu likiwa na alama za kahawia za duara, maji yalikuwa yanaingia siku nyingi.

Akikuta hayo, hiyo si dhoruba peke yake. Ni paa lililoachwa. Na upande wa pili nasema vilevile, nimeshaona bati lililopinda kwa sababu mpangaji alimpandisha mtu wa dishi akakanyaga katikati ya kenchi. Hapo mwenye nyumba asibebeshwe.

Asiruhusu mtu abebe yale mabati kwa fundi chuma chakavu kabla hayajapigwa picha. Ushahidi ukishauzwa kwa kilo, hapo tena ni neno lako na lake.

Msaidizi wa Sheria Mbagala

Fundi ameleta jambo zito na linajibu swali la godoro na kabati. Kama ni dhoruba tupu, kila mtu anabeba vya kwake: mwenye nyumba paa, mpangaji vyombo vyake, na kodi inasimama. Kama mwenye nyumba alijua paa linavuja, aliambiwa, akaacha, basi amevunja wajibu wa kutunza na anaweza kudaiwa hata vyombo vilivyoharibika. Swali ni je, dada aliwahi kumwambia kuhusu kuvuja kabla ya 9 Aprili? Meseji, hata ya WhatsApp, ipo?

Mpangaji wa Yombo

Ipo. Nimempigia sasa hivi. Machi alimtumia picha ya alama kwenye dari, baba mwenye nyumba akajibu "sawa nitaleta fundi". Hakuleta. Na fundi wa mtaani aliyepanda leo kasema mbao mbili zimeoza. Kaandika makadirio ya 280,000, bati, mbao na kazi yake.

Mtu wa Mbagala Kuu

Naomba niingie kwa jambo la mlipuko, maana vijana wanaweza kudhani neno hilo limewekwa kwenye sheria kwa ajili ya nchi nyingine. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka kwenye kambi ya jeshi hapa Mbagala. Watu walikufa, nyumba zikapasuka kuta na kuezuliwa mbali na kambi. Miaka miwili baadaye, Februari 2011, ikawa Gongo la Mboto.

Wakati ule nilikuwa mpangaji. Ukuta wa chumba changu ulipata ufa wa kupitisha mkono. Mwenye nyumba wangu, Mungu amrehemu, hakusoma sheria yoyote. Aliniita na mke wangu, akasema chumba hiki siwezi kuwatoza kama zamani, lipeni nusu mpaka nijenge ukuta, na mkiona hapafai nendeni na mlichobakiza nitawapa. Tulikaa. Ukuta ulivyosimama tukarudi kwenye kodi kamili bila maneno. Tulizikana na kuozana mpaka leo na familia ile. Nasema haya kwa baba mwenye nyumba wa Yombo kama anasoma: mpangaji uliyemstahi siku ya janga hahami hovyo.

Mwana Jangwani

Mnazungumzia paa, sisi wa bondeni tuna la kwetu. Mto Msimbazi ukijaa hauulizi mkataba. Desemba 2011 maji yalifika dirishani, baada ya pale watu wengi wakapelekwa Mabwepande. Bado vyumba vya bondeni vinapakwa rangi kila Septemba na kupangishwa kwa mtu anayetoka mkoani asiyejua chochote. Hapo mimi nauliza: nyumba ambayo kila masika inaingia maji, ilikuwa inafaa kukaliwa siku mtu anaingia?

Unayetafuta chumba Kigogo, Mchikichini, Tandale au Bonde la Mpunga, usimuulize dalali. Muulize muuza mkaa wa jirani maji yalifika wapi mwaka jana. Tazama nyuma ya mlango na ndani ya kabati la ukutani, mstari wa tope haufutiki vizuri pale. Gusa plasta ya chini, ikimomonyoka mkononi, imekunywa maji.

Kijana wa Dalali

Mwana Jangwani, mimi chumba kinachoingia maji sikipeleki mtu. Lakini wapo, ni kweli.

Dada wa Kimara

Na moto je? Jirani yetu nyumba ya wapangaji watano imeungua vyumba viwili. Mwenye nyumba anasema ni jiko la gesi la mpangaji, mpangaji anasema ni shoti ya nyaya za zamani. Watu wote watano wanadaiwa kodi na wanatishiwa walipe na ujenzi.

Msaidizi wa Sheria Mbagala

Dada, hapo neno la nani halina uzito mpaka sababu ijulikane. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, wakifika wanaandika taarifa ya tukio, na taarifa hiyo ndiyo ya kuombwa. Nyaya za ndani ya nyumba ni mzigo wa mwenye nyumba. Jiko lililoachwa likiwaka ni mzigo wa mwenye jiko. Wale watatu ambao vyumba vyao havikuungua na hawakusababisha chochote hawawezi kulipishwa ujenzi, na kama moshi au kukosa umeme kumefanya vyumba vyao visikalike, kodi yao nayo inaguswa.

Mwenye nyumba anayeweza kumudu bima ya moto aikate. Wengi hawana, na ndiyo maana ikitokea hasira zote zinawashukia wapangaji.

Mkazi wa Mwenge

Swali dogo. Mimi sina mkataba wa maandishi, tulikubaliana kwa mdomo, nalipa mwezi kwa mwezi. Nina haki hizi?

Msaidizi wa Sheria Mbagala

Unazo. Sheria inautambua upangaji wa muda mfupi, mwaka mmoja au chini yake, hata ukiwa wa mdomo. Shida yako ni kuthibitisha. Kwa hiyo kodi ilipe kwa simu au benki, na ukituma andika ni kodi ya mwezi gani. Ukilipa taslimu omba risiti, hata ya karatasi ya daftari. Anayelipa mwezi kwa mwezi anastahili notisi ya mwezi anapotakiwa kuondoka, na yeye akitaka kuhama atoe hiyohiyo.

Wenye mikataba ya maandishi nao wakumbuke ushuru wa stempu wa TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Watu wanalikumbuka hili wakiwa tayari mbele ya baraza.

Mkazi wa Mwenge

Nashukuru. Na hii kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi?

Msaidizi wa Sheria Mbagala

Hiyo ni ya mwenye jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU kwa urahisi wa ukusanyaji, ila haikugeuka kuwa ya mpangaji. Mwekeane wazi irudishwe au ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Tusitoke kwenye mada ya Yombo lakini.

Mpangaji wa Yombo

Narudi kwenye la kuezeka. Dada anasema bora atoe hiyo 280,000 yake ya mchezo, watoto walale. Mvua bado zipo. Mnasemaje?

Fundi Kenchi

Kama wiki hii haiwezekani, weka turubai zito, lifungwe kwenye kenchi nzima na si kwenye zile zilizooza, liwe na mteremko. Itawavusha. Usiezeke bati jipya juu ya mbao mbovu, utakuwa umetupa pesa.

Msaidizi wa Sheria Mbagala

Asitoe hata elfu kumi kabla ya mwenye nyumba kukubali kwa maandishi. Akiezeka kimyakimya, mwenye nyumba atasema ulijitolea, bati likishapigiliwa ni sehemu ya nyumba yake, na siku ya kuhama hubandui. Akikubali, waandike kiasi, jina la fundi, na kwamba pesa hiyo inahesabiwa kwenye kodi inayofuata. 280,000 ni karibu miezi miwili ya kodi yake. Risiti za dukani ziandikwe jina la dada, azihifadhi.

Na asiache kulipa kodi ya awamu ijayo yote kwa hasira. Kodi inasimama kwa sehemu iliyoharibika tu. Akizuia yote wakati bado anatumia sebule, yeye ndiye atakayeonekana mvunja mkataba.

Kijana wa Dalali

Na mwenye nyumba akikataa yote? Hapo ndipo nataka kusikia, maana ndipo watu wanaposhindwa.

Msaidizi wa Sheria Mbagala

Aanze serikali ya mtaa. Mwenyekiti na mtendaji hawana nguvu ya kuhukumu, ila migogoro mingi inaisha pale kwenye benchi, kwa sababu mwenye nyumba hataki jina lake lizunguke. Isipoisha, Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa linatoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na siku 30 zikipita bila usuluhishi mtu anaweza kuendelea mbele. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwake ni Temeke. Hapo ndipo penye uamuzi wa kutekelezwa.

Asiyeweza wakili anaweza kupata msaada wa kisheria bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliturasimisha sisi wasaidizi wa kisheria. Hapa Dar kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na wanawake wana pia TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake. Dada aende na mkataba, meseji ya Machi, picha za fundi na makadirio. Kwa vitu hivyo vinne ana kesi nzuri kuliko nyingi ninazozipokea.

Mama Mwenye Nyumba Tabata

Mwanangu wa Yombo, sijakataa lolote lililosemwa na huyu kijana wa sheria, na nimejifunza. Ila nikushauri kama mama ambaye hupokea barua za wapangaji. Barua ikianza na kifungu, naifunga. Ikianza na salamu na shida ya watoto, naisoma mpaka mwisho, na kifungu kikiwa chini naona kwamba huyu ananiheshimu lakini si mjinga. Andikeni mkijua kwamba huenda hana pesa. Mpeni njia ya kutengeneza bila pesa taslimu, kama hiyo ya siku kusogezwa na fundi kulipwa kutoka kwenye kodi ijayo. Mimi ningeletewa hivyo, ningesaini.

Mpangaji wa Yombo

Ahsante sana mama. Nimekaa na dada tumeandika hii, naomba muisahihishe kabla hatujaipeleka.

"Baba, shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri nyumbani. Kama ulivyoona mwenyewe, tangu usiku wa tarehe 9 Aprili chumba hakina paa na mimi na watoto tunalala sebuleni. Mdogo ameanza kukohoa. Fundi amepanda, ameona mbao mbili zimeoza, na makadirio yake ni shilingi 280,000. Nimeambatanisha karatasi yake na picha. Nafahamu kwamba pesa huenda isiwepo kwa sasa, kwa hiyo naomba tukubaliane mambo mawili. Kwanza, niruhusu nimlipe fundi, na kiasi hicho kihesabiwe kwenye kodi yangu ya kuanzia Agosti. Pili, kwa kuwa chumba hakikaliki, nusu ya kodi isimame kuanzia tarehe 9 Aprili hadi siku fundi atakapomaliza, na siku zinazolingana na nusu hiyo ziongezwe mwisho wa mkataba. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 88, inaelekeza hivyo nyumba inapoharibiwa na dhoruba, na pia inaweka utunzaji wa paa kwa mwenye nyumba. Picha ya dari niliyokutumia mwezi Machi bado ninayo. Naomba tukutane Jumamosi, mbele ya mjumbe, tuandike."

Msaidizi wa Sheria Mbagala

Ni nzuri. Sahihisha mambo machache. "Kodi yangu ya kuanzia Agosti" ibadilike iwe "kodi ya awamu inayofuata", kwa sababu siku zikisogezwa awamu mpya haitaanza Agosti. Ongeza kwamba ombi hili halifuti madai ya godoro na kabati, hata kama hamtayadai leo. Weka tarehe na sahihi, toa nakala mbili, moja asaini kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, mpelekee mtendaji agonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

Mama Mwenye Nyumba Tabata

Na hiyo Jumamosi, aende na mtu mzima wa familia. Asiende peke yake na watoto.

Mpangaji wa Yombo

Nitakwenda naye mimi na mjomba. Turubai tumeshanunua leo Buguruni, fundi analifunga jioni hii.